Scovia Akeyo na Jibu la Osiri

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Scovia Akeyo Ondiege, Mtaalamu Mkuu hapa Maabara ya Utafiti ya Asego, Homa Bay, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kumi na sita kati ya hiyo ameitumia mbele ya mashine moja ya kromatografia, yaani ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Wengine wetu hatujawahi kudumu na simu moja hata robo ya muda huo, kwa hiyo tunaanza kwa kumpa pole na pongezi kwa pamoja.

Kamati ya sherehe iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu, iliniambia imenichagua kwa kuwa nimefanya kazi naye kwa karibu. Baadaye nikasikia kwamba wenzangu kadhaa walikuwa wameombwa kabla yangu wakakumbuka ghafla kuwa wana shughuli. Nimekubali hata hivyo. Si kila siku mtu hupewa ruhusa rasmi ya kumsema mkubwa wake mbele ya wageni, naye mkubwa akae kimya akila keki.

Madam Scovia, kama tunavyomwita sote, alizaliwa Sindo, kando ya ziwa. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mama yake alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Anasema alijua kuanika omena kabla hajajua kuandika jina lake. Alisomea teknolojia ya maabara, na mwaka 1994 akaajiriwa katika hospitali moja mjini Migori, ambako kwa miaka tisa alitazama damu kwa darubini akitafuta vimelea vya malaria. Mwaka 2003 akahamia kwetu Asego. Alikuja na sanduku moja la nguo, darubini ambayo haikuwa yake (ilirudishwa), na sauti ambayo hata sasa inasikika hadi kwenye maegesho.

Mwaka 2009 mashine ya kromatografia ikaletwa, ikiwa ndani ya kreti kubwa la mbao. Wanaume wa maabara tulizunguka kreti lile tukitoa maoni. Madam Scovia alikaa chini akasoma kitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa. Tulipomaliza kutoa maoni, yeye alikuwa ameshaanza kufunga mabomba.

Kwa manufaa ya wageni wetu, na ya baadhi yetu humu ndani ambao hatukuelewa mara ya kwanza wala ya pili, ni vyema kueleza kazi yenyewe. DNA ni maandishi ya mwili, na maandishi hayo yana herufi nne tu, zinazoitwa besi: adenini, guanini, sitosini na thimini. Herufi hizo haziachwi zilivyo. Sitosini huvikwa kijikofia kidogo, ambacho mwili wenyewe hukitumia kuzinyamazisha jeni fulani. Guanini nayo, ikishambuliwa na oksijeni kali, hupata kitu ambacho Madam Scovia hukiita kutu. Kila mtu ana kutu kidogo. Moshi huiongeza, ugonjwa huiongeza, sumu huiongeza. Kazi yetu ni kupima ni kiasi gani.

Kuipima, DNA hutolewa kwenye damu, husafishwa, kisha hukatwakatwa kwa vimeng'enya hadi kila besi ibaki peke yake. Mchanganyiko huo husukumwa na pampu, pamoja na maji na methanoli, kupita ndani ya bomba fupi la chuma lililojazwa chembechembe laini. Bomba hilo tunaliita kolamu. Besi huingia zote kwa pamoja lakini hutoka kwa zamu, na kila moja inapotoka huchora kilele chake kwenye skrini. Ukubwa wa kilele hukuambia wingi wa besi.

Kwa nini zitoke kwa zamu? Nilimuuliza swali hilo nikiwa mgeni. Aliniambia nifikirie soko la Rodi Kopany siku ya soko. Mtu asiyejulikana hapo hupita moja kwa moja na kutokea upande wa pili. Mwenyeji huitwa kwenye kila kibanda, asalimiwe, aulizwe habari za mama yake, aonyeshwe viazi, na atatoka akiwa amechelewa sana. Guanini nzima haisalimiani sana na chembechembe za kolamu. Guanini yenye kutu ina marafiki wengi zaidi, kwa hiyo hutoka nyuma yake. Tangu siku hiyo sijawahi kupita Rodi Kopany bila kujiuliza kama mimi nina kutu.

Jambo ambalo vitabu vyetu havikulisisitiza, kwa kuwa viliandikwa na watu wa nchi za baridi, ni kwamba kolamu ikipata joto besi huharakisha kutoka. Kabla hatujapata kasha la kudhibiti joto la kolamu, mchana wa Homa Bay ulizifanya besi zitoke kabla ya zamu zao, kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Madam Scovia akaamua mashine ifanye kazi alfajiri hadi katikati ya asubuhi, na mlango wa chumba ufungwe wakati wote. Mtu akiuacha wazi hata kidogo, alipigiwa kelele: "Mlango!" Mheshimiwa mmoja wa serikali ya kaunti aliyekuja kutembelea maabara alipigiwa kelele hiyo pamoja na msafara wake. Mheshimiwa aliufunga mlango mara moja, akiwa upande wa nje.

Pampu aliiita mama mkwe, kwa sababu ukiisalimia vibaya asubuhi hamtaelewana mchana kutwa.

Kisha kuna habari ya samaki, ambayo lazima nieleze kwa utaratibu, maana inahitajika mbele. Maabara yoyote inayopima DNA huhitaji sampuli ya ukaguzi, yaani DNA ile ile inayowekwa katika kila zamu ya upimaji pamoja na sampuli za watu, ili kuona kama kazi imefanyika sawasawa. Wenzetu wa ng'ambo huagiza ya samaki wa kwao. Madam Scovia hakuona sababu ya kuagiza samaki kutoka mbali hali ziwa liko dirishani. Akaenda kwa Caren, mchuuzi wa samaki pale gatini, akaomba mifuko ya manii ya mbuta dume, yaani sangara, ambayo imejaa DNA kuliko sehemu nyingine yoyote ya samaki na ambayo Caren alikuwa akiitupa. Caren aliwatangazia majirani zake: "Njooni muone! Huyu mama ananiachia nyama anabeba matumbo. Bwana yake anakula nini kwani?" Baada ya wiki chache uvumi ukaenea sokoni kwamba maabara imegundua dawa ya nguvu za kiume, na wazee fulani wakaanza kuulizia bidhaa ile kwa sauti ya chini. Ilimchukua Madam Scovia muda kuwashawishi kuwa si dawa. Caren hakumsaidia hata kidogo, kwa kuwa biashara ilikuwa nzuri.

DNA ya mbuta yule ikasafishwa, ikagawanywa katika vichupa vingi, ikahifadhiwa kwenye jokofu la baridi kali. Katika kila zamu, kichupa kimoja cha mbuta kilipitia kila hatua ambayo sampuli za watu zilipitia.

Sasa tufike Osiri. Mwaka 2019, mkuu wetu Dkt. Nasteha Issack alianzisha utafiti kuhusu wanawake wanaosafisha dhahabu kwa zebaki katika machimbo ya Osiri, huko Migori. Swali lilikuwa rahisi: je, DNA yao ina kutu zaidi ya ile ya wanawake wa bonde la Lambwe, wanaolima na hawajawahi kushika zebaki? Swali likawa rahisi, kuipata damu ikawa kazi. Watu wa vipimo walikuwa wamefika Osiri kabla yetu, wakachukua mkojo, wakachukua nywele, wakapotea. Mwenyekiti wa chama cha wanawake wasafishaji, Bi. Bhoke Machuki, alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Madam Scovia.

"Daktari, hii damu tutakupa, kachupa kamoja kadogo. Lakini jibu tunataka litoke kwa mdomo yako wewe mwenyewe. Si barua. Si chifu. Si hawa vijana wako."

Nilikuwa mmoja wa vijana hao. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne na nilifurahi sana. Madam Scovia akajibu kwamba atarudi yeye mwenyewe na jibu, mbele ya wote. Kwa neno hilo peke yake wanawake wale walikunja mikono ya nguo zao, na tangu hapo jina lake lilikuwa rehani kwao.

Damu ilifika Homa Bay salama katika sanduku la barafu. Ile ya Lambwe ilikuwa imetangulia kwa wiki moja na kazi yake ilikuwa imekwisha. DNA ikishatolewa huoshwa kwa alkoholi baridi, hubaki kama kamasi jeupe chini ya kichupa, kisha hukaushwa. Kuikausha kuna mashine yake, inayofyonza hewa gizani. Siku ya zamu ya Osiri stima ikapotea. Hilo si habari. Jenereta ilikuwa inabeba majokofu tu, na baraza la kuwapa Osiri jibu lilikuwa limeshapangwa Alhamisi. Madam Scovia akasubiri, akasubiri tena. Mwishowe akafungua vifuniko, akavipanga vichupa kwenye ukingo wa dirisha la magharibi, akaliachia jua la alasiri na upepo wa ziwa kazi hiyo.

Mtu yeyote aliyelelewa Sindo angefanya vivyo hivyo. Kitu kibichi kinachotakiwa kikauke huanikwa, na mikono yake ilijua hilo kabla ya kujua kemia. Sote tulipita pale tukaviona vichupa vimetandazwa safi kama omena ufukweni, na hakuna aliyeona tatizo. Dkt. Nasteha mwenyewe alipita, akausifu mpangilio.

Namba zilipotoka zilikuwa za kutisha. Kutu ya Osiri ilikuwa mara kadhaa ya ile ya Lambwe, karibu kwa kila mwanamke. Maabara ikachangamka. Mtafiti akiona tofauti kubwa hufurahi kwanza, halafu ndipo hukumbuka kwamba namba hizo ni miili ya watu. Dkt. Nasteha alianza kuandaa maneno ya baraza. Turubai lilikuwa limeshaagizwa.

Madam Scovia peke yake alikuwa bado amekaa mbele ya skrini, akitazama kilele kimoja cha mwisho wa zamu ile. Kisha akatuita wote, akakigonga kilele hicho kwa kalamu.

"Haya, semeni. Nani kati yenu alimpeleka huyu samaki Osiri?"

Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka na wa mwisho kuelewa. Kilele kile kilikuwa cha mbuta. Katika zamu ya Lambwe, mbuta yule yule alikuwa na kutu kidogo tu, kama kawaida yake. Katika zamu ya Osiri alikuwa na kutu kama mtu aliyeshika zebaki maisha yake yote. Samaki yule alikuwa amekaa kwenye jokofu letu miaka mingi na hajawahi kukanyaga machimbo. Kwa hiyo kutu haikutoka Osiri. Ilitoka dirishani. DNA iliyokauka ikiwa wazi juani huliwa na hewa, na guanini ndiyo huliwa kwanza.

Dkt. Nasteha aliuliza swali la haki: je, hatuwezi kuitoa kutu ya samaki kwenye kutu ya watu, tukabaki na hesabu ya kweli? Madam Scovia akampeleka dirishani. Vichupa vya mwanzo vilikuwa kwenye kivuli cha fremu, vya katikati vilipata jua nusu, vya mwisho vilipata jua lote. Kila kimoja kilikuwa kimeshika kutu kivyake. Hakukuwa na hesabu ya kuvisawazisha. Damu yenyewe ilikuwa imekwisha, kwa sababu tulipewa kachupa kamoja kadogo. Mtu mmoja wa ofisi akapendekeza baraza liahirishwe na Osiri waambiwe kwamba mashine imeharibika. Madam Scovia akasema mashine haikuharibika. Na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, na Dkt. Nasteha ni mtu wa kweli, mjadala ukaishia hapo.

Alhamisi ilipofika tukaenda Osiri, na turubai lile likafungwa karibu na vinu vya kusagia mawe. Wanawake walikuwa wamejaa. Baadhi yao walikuwa wamevaa nguo za kanisani, jambo lililonifanya nitamani kurudi ndani ya gari. Madam Scovia alisimama akazungumza kwa Kiswahili, ili Wajaluo na Wakuria wote wasikie jambo moja kwa wakati mmoja.

Alisema jibu hana. Alisema alikuwa nalo, likaharibika mikononi mwake, si mikononi mwa mtu mwingine. Akaeleza kila kitu, stima, dirisha na samaki. "Nilianika damu yenu juani kama omena," alisema.

Kisha sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Si ungeitia chumvi basi!" na nusu ya turubai ikacheka.

Bi. Bhoke hakucheka. Alisimama polepole. "Damu si maji ya kisima, daktari, ati ndoo ikimwagika unarudi kuchota."

Madam Scovia akakubali kwamba ni kweli.

"Na kama ungekuja na ile hesabu yako ya kwanza, ile mbaya, sisi tungejua aje ni ya uongo?"

"Hamngejua, mama."

"Wenzako wangejua?"

"Hata wao hawangejua."

Bi. Bhoke akashika kiuno. "Sasa ulikuja kufanya nini hapa?"

"Nilisema nitarudi."

Nimehudhuria mikutano mingi ya wataalamu, mingine yenye chakula kizuri sana, na sijawahi kusikia jibu fupi kama hilo. Bi. Bhoke aligeuka akasemezana na wenzake kwa Kikuria na kwa Dholuo, kwa kasi ambayo mimi niliambulia maneno mawili tu, "samaki" na "mjinga". Sijui hadi leo lile la pili lilimhusu nani. Kisha akasema masharti yao. Kabla ya mwanamke yeyote wa Osiri kutoa damu tena, daktari atoe yake kwanza, hapo hapo, wote wakiona.

Madam Scovia alivua koti na kunyoosha mkono. Kazi ya kumtoa damu ikaniangukia mimi. Ningependa kuandika kwamba niliifanya kwa ustadi. Niliukosa mshipa. Nikaukosa tena. Bi. Bhoke akasogea karibu akachungulia. "Huyu naye mnamlipa?" akauliza, na safari hii turubai lote likacheka, hata mgonjwa wangu. Mara ya tatu damu ikaja. Bi. Bhoke akavuta kiti, akakaa baada yake, lakini akataka atolewe na Madam Scovia, si na mimi.

Si wote waliokubali. Wengine walikunja leso zao wakarudi kazini, na hawakujiunga nasi tena. Hiyo ilikuwa haki yao. Madam Scovia hakumfuata hata mmoja kumbembeleza.

Zamu ya pili nayo ilipata siku ya kupotea stima. Safari hii vichupa vilifungwa vikarudishwa kwenye jokofu, na hakuna aliyethubutu hata kulikaribia dirisha. Namba zilipotoka, mbuta alikuwa ametulia mahali pake. Ile tofauti ya kutisha haikuwepo. Wanawake wa chama waliobeba na kuponda mawe bila kuchoma zebaki hawakutofautiana na wale wa Lambwe kwa kiasi ambacho tungeweza kukisimamia. Lakini wale waliochoma zebaki jikoni mwao, ili wabaki na dhahabu, kutu yao ilikuwa juu ya wenzao. Hesabu ya kwanza ingewaambia wote kwamba wameharibika, na ingewaficha hao waliokuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi.

Madam Scovia akarudi akawaambia hayo kwa mdomo wake. Akawaambia pia asiyoyajua: kwamba kutu si ugonjwa, na kwamba hawezi kumwambia mtu yeyote atakuja kuugua au hataugua. Kisha akakaa na kila mmoja peke yake nyuma ya stoo ya chama, ampe matokeo yake. Bi. Bhoke alipotoka huko hakungoja kuulizwa. Alitangaza kwamba yake ilikuwa juu, kwamba jiko lake ndilo lililokuwa na moshi huo, na kwamba kuanzia siku hiyo asimwone mtu akichoma zebaki ndani ya nyumba yenye watoto. Chama kikajenga banda nje ya makazi, lenye chungu cha kufunika kinachonasa mvuke. Baadhi ya wanawake walihamia hapo. Wengine waliendelea jikoni, maana banda liko mbali na mvua ya Migori haina adabu.

Hapa maabara yalibadilika mambo pia. Hakuna matokeo yanayotoka siku hizi kabla namba ya mbuta haijasomwa kwa sauti mbele ya wote, pamoja na mkuu. Maabara nyingine kadhaa zimetuomba utaratibu huo, na moja imeomba hata mbuta mwenyewe. Madam Scovia husimulia kisa cha dirisha kwa kila mfanyakazi mpya siku yake ya kwanza, na husema wazi kwamba aliyeanika alikuwa yeye. Wafanyakazi wapya huogopa zaidi baada ya kusikia hivyo kuliko kama angewaambia alikuwa mtu mwingine.

Amefundisha wataalamu wengi, wengine wako vyuo vikuu sasa, na mmoja ameniambia kwamba bado hufunga milango ya watu asiowajua. Bw. Okemwa, anayechukua nafasi yake, amejifunza chini yake miaka saba na ameanza kuzungumza na pampu kwa heshima. Madam Scovia mwenyewe anahamia Lambwe, ambako amenunua mbuzi na anapanga kulima alizeti. Tunawaombea mbuzi wale subira.

Lakini kuna kazi moja bado. Machi mwaka huu tulirudi Osiri kuuliza swali la pili: wale waliohamisha moto kutoka jikoni, kutu yao imepungua? Bi. Bhoke na wenzake walitoa damu tena, na aliyewatoa alikuwa Madam Scovia. Upimaji umekamilika wiki iliyopita. Baraza lilipangwa Jumatatu, tarehe 30 Juni, kabla mtu yeyote hajakumbuka kuwa ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Ofisi ilipogundua, ilipendekeza Bw. Okemwa aende peke yake, kwa kuwa siku ya mwisho kwa desturi ni ya kukabidhi funguo, kupiga picha na kunywa soda. Bi. Bhoke akapigiwa simu kuarifiwa kwamba daktari anastaafu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Astaafu tu. Lakini si kabla ya kuleta."

Madam Scovia amekwisha kukabidhi funguo. Picha tutapiga leo, Ijumaa, na soda ni hizi mbele yenu. Ndiyo sababu sherehe imeletwa mbele, na wanaotaka kumuaga Jumatatu wasije ofisini, hawatamkuta. Gari litaondoka asubuhi kupitia Rodi Kopany na Migori, na Bw. Okemwa atakuwa ndani yake, ili Osiri wamtazame vizuri na waamue kama mdomo wake unafaa.

Wageni wawili wa leo wameshaniuliza pembeni kama kutu imepungua. Nayajua matokeo, niliyaona kwenye skrini pamoja na wenzangu, baada ya mbuta kusomwa. Sitayaandika hapa. Ni ya wanawake wa Osiri, na kwa miaka sita wamekuwa na haki ya kuyasikia kwanza, kutoka kwa mtu waliyemchagua wenyewe.

Madam Scovia, kwa niaba ya Dkt. Nasteha, wafanyakazi wote wa Asego, na wote uliowahi kuwapigia kelele kwa faida yao, asante. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha Lambwe, na majirani wema. Tunakutakia safari njema ya Osiri Jumatatu, na ustaafu mwema kuanzia Jumanne.